Kabla Mwimbaji Hajafungua Kinywa

Bashraf tuliyoipiga kipindini Alhamisi iliyopita imeleta simu nyingi, na ya kwanza iliingia kutoka Tanga hata kabla fidla ya mwisho haijanyamaza. Mzee wetu mmoja, mwenye sauti ya upole na maneno makali, alitaka kujua kwa nini mpenzi wa taarab alazimishwe kusikiliza ala tupu dakika nenda dakika rudi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kisha akajijibu mwenyewe: ni joto. Watu wa pwani, alisema, wamelegezwa na jua la kaskazi, wakauvisha ulegevu wao kanzu na kuuita sanaa. Shikamoo, mzee wangu. Nusu ya hoja yako naichukua nzima, maana joto limo katika jambo hili kuliko wengi wetu tunavyokiri. Nusu ya pili nakurudishia. Kinachosikika katika bashraf ile, hasa pale fidla zote zinaposhusha pinde na ganuni ikabaki peke yake, ni mpango wa saa. Joto liliwafundisha watu wa pwani kuyaweka mazuri yao baada ya jua kutua, na ukishalijua hilo, mavazi ya msimu huu, chakula chake na muziki wake vinaanza kueleweka kwa pamoja.

Tuanze na nyumba, kwa sababu ndiyo inayowatoa watu nje. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, miezi ile ile ambayo majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuwa yakishuka na tende, mazulia na papa mkavu, kisha yakingoja kusi iyarudishe kwao. Mchana wa Februari Unguja joto hufika nyuzi 32 au 33, na unyevu wa bahari humfanya mtu aapie kwamba ni zaidi. Nyumba za Mji Mkongwe, kama zile za Lamu, zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, na dari zilizoshikwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunywa joto polepole tangu asubuhi. Ndiyo maana saa saba mchana ndani huwa kuna ubaridi, na uchochoroni, ambako nyumba zimesogeleana kwa makusudi, kuna kivuli. Lakini joto lililonywewa halikupotea. Jioni linaanza kutoka, na linatokea ndani, saa ile ile ambayo nje upepo umeanza kupita. Basi zile baraza za mawe zilizojengwa sambamba na ukuta wa mbele hujaa watu baada ya alasiri, na muuza kahawa anapita akigonga vikombe vyake. Wageni wengi wameandika kwamba wenyeji wa miji hii wanapenda maongezi. Wanapenda, sawa, ila pia ukuta umewafukuza.

Mtu akishatoka nje jioni, atatoka na nini? Hapa naomba tulitazame ua la asumini kwa karibu. Asumini huchumwa alasiri lingali tumba, limefumba, jeupe, dogo kuliko ncha ya kidole, na hutungwa hivyo hivyo kwenye uzi kabla halijafunguka. Anayelitunga anajua kwamba litafunguka usiku, likiwa tayari nyweleni au kwenye koja, katikati ya shughuli, na hapo ndipo harufu yake inapotoka. Angelingoja lifunguke ndipo atunge, harusi ingekuwa imekwisha. Sijui pambo jingine la pwani linaloonyesha wazi zaidi hoja yangu: uzuri umetayarishwa mchana kwa ajili ya saa ambayo haijafika. Kanga nayo ina namna yake ya kuchelewesha. Watu wengi huisifu kwa rangi za mji na pindo, na kwa wepesi wa pamba yake inayokunywa jasho na kukauka upesi, na sifa hizo ni za haki. Lakini jina la kanga limepigwa chapa chini, juu kidogo ya pindo, na mvaaji akishajifunga, mara nyingi neno linakaa nyuma. Humsomi anapokuja. Unamsoma ameshakupita, na jibu lako huna tena wa kumpa. Tangu majina hayo yaliposhika kanga mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wafanyabiashara kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule wa Mali ya Abdulla, walipoanza kuyachapa, vazi hili limekuwa likisema baada ya kupita. Nami ningependekeza, kwa heshima zote kwa wauzaji, kwamba doti ya nailoni isiitwe kanga wakati wa kaskazi. Rangi inang'aa, bei ni nafuu, na ndani yake mtu anaiva.

Chakula sitakikalia sana, kwa sababu tulikimaliza katika vipindi viwili vya urojo na mliobishana kuhusu chatne ya nazi bado mnabishana. Niseme tu kwamba urojo wenyewe ni ushahidi. Uchachu wake wa embe mbichi au ukwaju, pilipili yake, bhajia na kachori zinazoelea, vyote vinakusudiwa tumbo lililokataa kula kizito mchana na sasa linaamka. Ndiyo maana wauzaji wengi wa urojo wanaanza kuuza alasiri, na Forodhani haina maana kabla ya magharibi. Embe dodo na boribo zinaiva miezi hii, madafu yapo mwaka mzima. Hayo ni ya mchana, ya kuzima kiu. Ya jioni yanataka kukaa.

Sasa tufike kwenye pingamizi, maana yapo mazito. La kwanza ni la wajuzi wa historia ya muziki. Watasema bashraf haikuzaliwa na joto la Unguja hata kidogo. Ni umbo la Kituruki na Kiarabu lililopitia Cairo. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza ganuni, na klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, iliagiza ala zake kutoka huko huko. Kwa hiyo kungoja kwetu ni kwa kuazima. Nakubali kwamba umbo limeazimwa. Lakini swali la mtu anayeazima si pale alipolitoa jambo, ni kwa nini alibaki nalo. Na hapa tuna jaribio la kweli, ambalo historia yenyewe ilitufanyia. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua dakika 3 hivi, basi. Mashine haikuwa na nafasi ya kungoja. Mwimbaji alipaswa kuingia mapema na kumaliza mapema, na santuri hizo ziliuzwa kweli kweli kote Afrika Mashariki. Kama urefu ule ungekuwa mtindo tu wa Cairo, biashara ya dakika 3 ingeuua palepale. Haikuuua. Kumbini na uani, ambako hakuna aliyelazimishwa na mashine, bashraf ilirudi kwenye urefu wake, ganuni ikapewa nafasi yake ya kutanga peke yake, na klabu za Unguja zinaifungulia shughuli mpaka leo. Watu walijaribishwa kifupi, wakakipenda kwenye gramafoni, wakakataa kukipeleka kwenye usiku wao.

Pingamizi la pili ndilo linalonigusa zaidi, na ni la haki. Kungoja jioni, mtu atasema, ni anasa ya aliyekaa kivulini. Mpagazi wa bandarini hakungoja jua lipungue. Mchuma karafuu hakungoja. Na mtumwa, ambaye hali yake kisheria haikufutwa Unguja mpaka 1897, hakuwa na saa yoyote ya kwake. Majahazi yale niliyoyataja na tende zake yalibeba pia watu. Kuyasifu majira ya kaskazi bila kusema hivyo ni kusema nusu. Lakini tazameni pingamizi hili linatufikisha wapi. Kwa aliyefanya kazi juani tangu alfajiri, jioni haikuwa anasa. Ilikuwa ndiyo saa pekee aliyoimiliki, na ndiyo sababu alikuwa na wivu nayo. Siti mwenyewe alizaliwa Fumba miaka ya 1880 hivi, katika familia iliyoonja utumwa, na kabla ya umaarufu alikuwa akitembeza vyungu juani kuja mjini kuviuza. Taarab ya jumbani ilikuwa ya Kiarabu na ilikuwa ya waalikwa. Ile iliyoimbwa kwa Kiswahili, iliyotaja mambo ya mitaani na hukumu za mahakamani, ilikua usiku, miongoni mwa watu ambao mchana wao ulikuwa umeuzwa kwa mtu mwingine. Mtu wa namna hiyo hana haraka ya kufikishwa kwenye ubeti wa kwanza. Haraka ameiacha bandarini. Anataka ganuni ile ichukue muda wake, kwa sababu kila dakika inayokwenda pale ni yake. Kwa hiyo nadhani mzee wetu wa Tanga amekosea upande mmoja tu: sanaa hii ya polepole haikuletwa na watu waliolegea, imepaliliwa na watu waliochoka, na mtu aliyechoka kwa kazi ni mkali sana kuhusu mapumziko yake.

Wako watakaosema sherehe zetu zinafuata mwezi mwandamo, wala hazijali kaskazi wala kipupwe. Kweli, mwaka wa Hijria unarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa jua, hivyo Idi na Maulidi huzunguka majira yote. Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, penye joto kali. Baada ya miaka 20 hivi itakuwa kwenye baridi. Lakini siku ya Hijria yenyewe huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa kwetu ni Alhamisi baada ya jua kutua, kwa hiyo kalenda hii haikutuvunjia desturi ya jioni. Mwingine atanitajia Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambapo wanaume hupigana kwa migomba na kibanda huchomwa moto mchana kweupe. Hiyo huangukia Julai, wakati wa kipupwe, na ni rahisi kusema kwamba inanithibitisha: sherehe ya mchana imekaa kwenye baridi. Sitaliegemea jambo hilo. Nairuzi, yaani mwaka mpya huo wa Kogwa, ilihesabiwa kwa siku 365 bila siku ya nyongeza, na hesabu ya namna hiyo husogea taratibu kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo haikukaa Julai daima.

Nirudi pale kwenye ganuni, maana ndipo moyo wangu ulipo. Mlioirekodi bashraf ile muisikilize tena. Fidla zimetembea pamoja, zimerudi kwenye kiitikio chao mara baada ya mara, na sikio limeshazoea kwamba zitarudi tena. Badala yake zinanyamaza. Ganuni inaanza na nyuzi za chini, haishiki mwendo wa ngoma, inapanda kidogo, inasita, inarudi ilikotoka, kisha inagusa sauti moja ya juu ambayo wapigaji wa dumbaki na fidla wote wanaijua, na hapo wanaingia kwa pamoja kama watu waliokuwa wameshika mlango. Hakuna ubeti uliokwisha kuimbwa mpaka hapo. Mwimbaji ameketi. Lakini shauri lote la usiku limeshapangwa: maqamu imejulikana, wasikilizaji wameshaacha kuongea, asumini limefunguka. Mwimbaji akiinuka sasa, neno lake la kwanza linaangukia mahali palipotayarishwa. Akiinuka mapema, anapigana na vikombe.

Taarab ya rusha roho ya miaka ya 1990 iliona haya yote ni mzigo. Ikaleta kinanda cha umeme na mipasho, watu wakasimama wakacheza, na ubeti ukaingia karibu mara moja. Siidharau; ilijaza kumbi wakati kumbi zilikuwa tupu, na mipasho yake ni ndugu wa jina la kanga. Ningesema tu kwamba ilipouondoa mwanzo mrefu haikuweka kitu mahali pake, na pengine ndiyo maana nyimbo zake nyingi zinaanza kwa kelele kubwa na hazina pa kwenda. Kwa upande mwingine, tamasha la Sauti za Busara, ambalo tangu 2004 limekuwa likifanyika Unguja mwezi wa Februari, lilifahamu jambo moja: kwa miaka mingi jukwaa lake kubwa lilikuwa Ngome Kongwe, wazi chini ya mbingu, na watu walikuja usiku, katikati ya kaskazi, wakakaa. Hakuna aliyehitaji kuwaeleza kwa nini.

Hivi karibuni imeanza desturi ya taarab ya saa nane mchana, katika kumbi za hoteli zenye viyoyozi, bashraf imekatwa ili wageni wawahi chakula. Ala ni zile zile na wapigaji ni hodari, lakini ganuni inaharakishwa na watu wanatazama saa zao. Wenye kumbi mnaonisikiliza, hasa wa Dar es Salaam na Mombasa: sogezeni ratiba zenu hadi saa tatu usiku, toeni viti nje uani, na mwacheni mpiga ganuni amalize.