Kabla ya Kuuza Betri na Simu Mbovu

Ndugu zangu wa Kilwa Kisiwani,

Masultani wa kisiwa hiki walifua sarafu za shaba. 5 kati yake ziliokotwa mwaka 1944 huko Australia. Leo shaba imo katika nyaya na mota tunazotupa jaani.

Mnunuzi wa vyuma chakavu ashukapo mashuani, msikubali apime kila kitu ndani ya gunia moja, kwani hapo shaba hulipwa bei ya bati. Tengeni shaba, alumini na chuma. Ganda la nyaya lichunwe kwa kisu, lisichomwe: moshi wake ni sumu, na shaba iliyoungua hushuka thamani.

Simu inayowaka haiuzwi kwa kilo. Mpelekeeni fundi ikiwa nzima, mkiisha kutoa laini, ambayo imesajiliwa kwa alama za vidole vyenu, na kufuta picha.

Betri ya sola iuzwe pamoja na tindikali yake. Mkiambiwa muimwage ufukweni ili ipimwe risasi pekee, kataeni. Pweza tunayemla anaishi papo hapo.

Kisha mwombeni awaonyeshe stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani yake. Asiye nayo arudi Masoko na mizani yake.