Kelele Hupimwa Penye Sikio



Kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson hadi Soweto Mashariki, Kibera, ni kilomita mbili hivi. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1933, na leo ndipo maskani ya shule za urubani na ya ndege za Amref zinazobeba wagonjwa mahututi. Siji kuomba ufungwe. Naja kumtetea mwalimu aliye katika darasa la mabati, ambaye ndege ikipita hukatiza maelezo, akangoja, kisha akaanza upya. Kinachozuia sauti nzito ni uzito wa ukuta, na bati ni jepesi.

Sauti hiyo yatoka wapi? Chukueni Cessna 172, ndege ya mafunzo tuliyoizoea. Injini yake ya silinda 4 ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, hutema moshi mara 90 kila sekunde. Propela yake ya mapanga mawili, iliyofungwa moja kwa moja kwenye injini, nayo hukata hewa mara 90 kila sekunde. Ngoma mbili, mdundo mmoja. Vyanzo viwili vikilingana kwa nguvu, ukikizima kimoja kabisa unapunguza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Kwa hiyo anayeunda sailensa ya ekzosi na kuisahau propela amefanya nusu ya kazi.

Sailensa yenyewe si kizibo. Mtoto anayepuliza mdomo wa chupa tupu ya soda ikalia tayari amegusa siri yake: kila uwazi una sauti unayoitikia. Tukiunganisha kando ya bomba la ekzosi tawi lililozibwa mwisho, wimbi huingia, hugonga, na kurudi likiwa kinyume cha lile linalopita; yakikutana, yanauana. Lakini tawi hilo lazima liwe robo ya urefu wa wimbi. Katika moshi wa nyuzi 700 za Selsiasi, kwa mapigo 90, robo hiyo ni karibu mita 1.7. Chini ya boneti ya ndege ndogo hakuna nafasi hiyo. Ndiyo maana bomba hukunjwa, vyumba hugawanywa, na kila gramu hupiganiwa.

Kuna pia hatari. Sailensa nyingi za ndege hizi huzungushiwa koti la bati ili joto lake limfikie rubani. Ikipasuka, kaboni monoksidi isiyo na harufu humfikia pia. Fundi wa jua kali wa Kawangware anayechomelea sailensa ya matatu ana mikono ninayoiheshimu; hata hivyo, ya ndege hairuki bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa ndege.

Sasa nifike penye kiini cha mhadhara huu. Kanuni za kimataifa hupima kelele ya ndege hizi zinapopaa, kwenye kituo kilicho mita 2,500 kutoka zinapoanza kukimbia, na matokeo hurekebishwa yalingane na hali ya usawa wa bahari. Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya bahari. Hapa hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake. Ndege hupanda polepole na kukaa chini kwa muda mrefu zaidi juu ya mapaa. Sailensa inayobana moshi huiongezea injini mzigo, na ndege ikazidi kukawia kupanda. Cheti cha kelele kinaweza kuwa sahihi, na mtoto wa Soweto Mashariki asisikie somo.

Ujerumani na Uswisi zimepunguza ushuru wa kutua kwa ndege tulivu, na wenye ndege wakafunga sailensa za ziada. Nasi tuanze kwa namna yetu: injini ya majaribio iliyofungwa chini, wanafunzi wetu pamoja na mafundi, sailensa isiyobana, na propela ya mapanga matatu mafupi zaidi. Kisha kipimasauti tukiweke ndani ya darasa, kwenye dawati la nyuma. Siku mtoto aketiye hapo atakapomsikia mwalimu hadi mwisho wa sentensi huku ndege ikipita, ndipo tutasema sailensa yetu imefaulu.