KUKAA KAMPALA KWA MASOMO
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wenyeji wa Choma)

Juzi mzee mmoja wa hapa alitujia na swali. Mjukuu wake amepata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Kampala, naye aogopa kumruhusu. "Mtoto akikaa ugenini," alisema, "je, hatarudi naye ni mgeni?" Nasi tuliwahi kukaa mji ule kwa masomo mwaka mzima, kwa hiyo twapenda kumjibu kwa yale tuliyoyaona.

Safari hii si mpya kwa watu wa Tabora. Reli ya Tabora kwenda Mwanza ilifunguliwa mwaka 1928, na vijana wa zamani walipanda gari la moshi hata Mwanza, kisha meli ya ziwa hata Port Bell, karibu na Kampala. Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922 na wanafunzi 14 tu, waliojifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Baadaye walikuja vijana wa nchi zote jirani. Mtemi Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alisoma huko; na Julius Nyerere, aliyetoka skuli ya Tabora, alikaa huko tangu 1943 hata 1945.

Sisi hatukupanda meli. Tulikwenda kwa basi, tukazunguka ziwa kwa njia ya Bukoba, tukavuka mpaka Mutukula, tukafika miguu imevimba.

Jambo la kwanza lililotushinda ni chakula. Waganda hula matoke, yaani ndizi mbichi zilizofungwa katika majani ya mgomba, zikaivishwa kwa mvuke na kupondwa, pamoja na mchuzi wa karanga. Ni chakula kizuri, wala hatukidharau. Lakini tulishiba saa sita na saa nane tulikuwa na njaa. Tulipouliza ugali tuliambiwa kwamba huo ni "posho", chakula cha skuli na cha askari. Basi tukawa wala posho, tukachekwa, tukashiba.

Kiswahili nacho kilitupatia taabu. Wengi kule walikihesabu kuwa lugha ya askari, hata muuza nyanya alitujibu kwa Kiingereza. (Mwaka 2022 Serikali ya Uganda ilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, sisi tulikuwa tumekwisha kurudi.) Tukajifunza Kiganda kidogo kidogo sokoni. Siku moja mama mtu mzima alitupigia magoti kutusalimu, kama ilivyo desturi yao, nasi kwa haya tukapiga magoti pia mbele yake. Soko zima lilicheka. Na mwezi wa Septemba, wakati nchi yetu hapa ni kavu na ng'ombe wamekonda, kule mvua ilinyesha juu ya vilima vyote, nasi tulikaa dirishani tukiitazama kwa wivu.

Sasa twafika penye swali la mzee. Mwezi wetu wa tatu fedha za masomo zilichelewa, na katika siku hizo hizo tukashikwa na homa. Aliyetupikia uji ni kijana wa Kigoma. Aliyenunua dawa ni wa Pemba. Aliyekesha nasi usiku ni Mchaga, ambaye juma lililopita tuligombana naye kwa ajili ya ndoo. Hapa Choma tusingalijuana na hata mmoja wao. Kule hakuna aliyetuuliza kabila. Walisikia ya kuwa Mtanzania ni mgonjwa, wakaja.

Baadaye tulisoma kwamba ndivyo ilivyokuwa zamani. Mwaka 1943 Nyerere, Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, mmoja wa Butiama, mmoja wa upande wa Bukoba, mmoja wa Tanga, waliunda chama pale Makerere cha kuwasaidia wanafunzi wa Tanganyika, waliokuwa wachache. Chama kile hakikudumu. Lakini vijana wale walikuwa wamekwisha kuitana kwa jina la nchi, hali huku nyumbani wengi bado walitajana kwa kabila na kwa mtemi wao. Hata jina la Wanyamwezi, wazee wetu mwajua, ni la safarini. Babu zetu waliochukua pembe hata Bagamoyo walitoka makwao watu wa Unyanyembe, na wa Urambo, na wa kwingineko. Watu wa pwani ndio waliowaita wote kwa jina moja.

Tuliporudi, mama yetu alitupokea mlangoni, akasema "Mwangaluka," akangoja. Tulijua ya kuwa anatupima. Tukamjibu sawasawa, akaturuhusu kuingia. Usiku tulipomwambia habari za homa, aliuliza majina ya wale watatu, na kama mama zao wangali hai. Asubuhi tulikuta vikapu vitatu vya karanga karibu na mizigo yetu, akatuagiza tutafute njia ya kuvifikisha Kigoma, Pemba na Moshi.