Nani Anasimama Nyuma ya Kaunta?

*Hotuba ya afisa wa afya wa kaunti kwa wakazi na wenye maduka ya dawa, Kitale*



Wakaguzi wa Bodi ya Famasia na Sumu wanapofika Kitale, au kwa majirani zetu Bungoma, maduka mengine ya dawa hufungwa ghafla. Mgonjwa hubaki nje na karatasi ya daktari mkononi, asijue kuna nini. Leo nitaeleza.

Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, inatambua watu wa aina mbili wa kuendesha duka la dawa. Wa kwanza ni mfamasia, mwenye shahada ya chuo kikuu, aliyesajiliwa na Bodi. Wa pili ni mwanateknolojia wa famasia, mwenye stashahada kama ile inayofundishwa KMTC kwa miaka 3, aliyeandikishwa na Bodi hiyo hiyo. Duka nalo husajiliwa, na leseni yake hutolewa upya kila mwaka.

Shida yetu ni cheti cha kukodi. Mwenye duka anakitundika ukutani, mtaalamu mwenyewe yuko mji mwingine, na kaunta anaachiwa kijana aliyemaliza kidato cha nne. Cheti hakiwezi kumuuliza mama mtoto wake ana kilo ngapi.

Na kilo ni muhimu. Dawa ya malaria ya AL hupimwa kwa uzito. Mtoto wa kilo 5 lakini hajafika 15 hunywa kidonge 1 kila mara; mtu wa kilo 35 kwenda juu hunywa 4. Wote hunywa mara 6 kwa siku 3. Tena, dawa hutolewa baada ya kupima damu, kwa maana homa ya mtoto huenda ikawa nimonia. Anayekisia hupoteza siku ambazo mtoto hana.

Antibayotiki nazo zikiuzwa kama peremende, vidonge viwili leo na vitatu kesho, vijidudu huzizoea. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 vijidudu sugu viliua watu milioni 1.27 duniani.

Je, wasaidizi wafukuzwe? Hapana. Duka linawahitaji. Msaidizi hupokea wateja, hulinganisha mzigo na stakabadhi, hupanga rafu, huondoa dawa ambazo muda wake umepita, hupokea pesa na kutunza usafi. Hiyo ni kazi ya heshima. Lakini haamui mgonjwa anywe nini wala kiasi gani, hadungi sindano, na hatoi dawa za karatasi ya daktari kwa uamuzi wake. Mtaalamu akitoka, kazi hiyo imngoje arudi.

Kijana, mwajiri akikuacha peke yako na kukuambia "uza tu", kumbuka kwamba mkaguzi akiingia atakukuta wewe, si yeye. Na dawa ikimdhuru mtoto, mkono uliompa ni wako. Una haki ya kukataa. Nawe mwenye duka, ukimpenda kijana wako, msaidie asome.

Najua wa Endebess au Chwele ataniambia: usiku duka la jirani ndilo lililo karibu. Ni kweli. Basi tulitake duka hilo liwe na mtaalamu. Kwa homa ya mtoto, nenda zahanati, au mwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako akuelekeze.

Kutoa leseni ni kazi ya Bodi. Hata hivyo, Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inataja vituo vya afya na famasia za kaunti miongoni mwa kazi zetu. Kwa hiyo, ukiwa na malalamiko, lete kwa ofisi ya afya ya kaunti ndogo yako.

Ukiingia dukani, fanya mambo matatu. Tazama leseni ukutani: ni ya mwaka huu? Uliza: mtaalamu wa zamu ni nani, na yupo? Kabla ya kuondoka, omba risiti na maelezo ya kunywa dawa. Kuuliza si utovu wa adabu. Mtaalamu wa kweli hufurahi kuulizwa.