Mtazamaji Asiyejua Mwisho: Mhadhara kuhusu Usiku wa Kwanza wa Msimu wa Mwisho wa Lost



Kuna kauli iliyojipatia heshima kubwa kuliko inavyostahili katika idara zetu za fasihi na sanaa za maonyesho. Kauli hiyo husema kwamba kazi ya sanaa haihukumiwi mpaka iishe. Nimeikuta katika ripoti za watahini, nimeisikia katika semina, na miaka michache iliyopita niliiona ikimwangusha mwanafunzi hodari wa uzamili. Mwanafunzi huyo alikuwa amekusanya maoni ya mashabiki wa tamthilia moja ndefu ya televisheni, maoni yaliyoandikwa usiku uleule msimu wa mwisho ulipoanza. Mtahini mmoja akaifunga tasnifu na kusema, “Haya ni maneno ya watu ambao hawakujua wanatazama nini.” Mwanafunzi akaagizwa arudi akatafute maoni mengine, ya watu waliokwisha kuiona tamthilia yote.

Leo naijibu hoja ile. Msimamo wangu nautaja mapema: katika sanaa ya mfululizo, hatuna shahidi aliye bora kuliko mtazamaji wa usiku wa kwanza wa msimu wa mwisho. Ushahidi wake ukipotea, hakuna uhakiki wa baadaye utakaoufidia.

Wenye kauli ile wana wazee wa kuwaegemea, nao ni wazee wazito. Aristotle alitufundisha kuidai kazi iliyokamilika, yenye mwanzo, kati na mwisho. Frank Kermode, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu hisia ya mwisho, alionyesha jinsi binadamu anavyoyapa maana mambo ya katikati kwa kuukisia mwisho wake. Wengi hapa mnawafahamu, kwa hiyo sitakaa kwao. Naomba tu tuliangalie neno moja la Kermode ambalo wanaomnukuu hulipita haraka: kuukisia. Msomaji wake bado yumo katikati ya safari. Aliyekwisha kufika hakisii tena, hukumbuka tu, na kumbukumbu ina tabia zake.

Mfano wangu ni Lost, tamthilia ya Marekani iliyoanza kurushwa na kituo cha ABC tarehe 22 Septemba 2004. Ndege ya Oceanic, safari namba 815 kutoka Sydney kwenda Los Angeles, inaanguka, na manusura wanajikuta kwenye kisiwa chenye dubu mweupe, moshi unaoua na mlango wa chuma uliofukiwa ardhini. Mei 2007 ABC ilitangaza kwamba tamthilia itafungwa mwaka 2010. Uamuzi huo ulikuwa nadra katika televisheni ya kibiashara, kwa sababu hadithi inayopendwa kwa kawaida hukamuliwa mpaka ikauke. Kwa hiyo watu walioketi kuutazama msimu wa sita tarehe 2 Februari 2010 walikuwa wameijua saa ya mwisho kwa karibu miaka mitatu, bila kuujua mwisho wenyewe. Sioni hali nyingine inayomfanya mtazamaji awe macho kuliko hiyo.

Tuone walikuwa macho kiasi gani. Mapema Januari 2010 zilivuma habari kwamba Rais Barack Obama huenda akatoa Hotuba ya Hali ya Taifa usiku huohuo. Mashabiki walipiga kelele hadi msemaji wa Ikulu, Robert Gibbs, akawaambia waandishi wa habari kwamba haoni namna ambavyo rais angewakatisha mamilioni ya watu wanaosubiri majibu ya Lost. Hotuba ilitolewa tarehe 27 Januari. Siku tatu baadaye, maelfu walijaa kwenye ufuo wa Waikiki, katika kisiwa cha Oahu ambako tamthilia ilipigwa picha, wakaitazama saa ya kwanza hadharani. Usiku wa tarehe 2 yenyewe, watazamaji wa Marekani walikuwa takriban milioni 12.1.

Waliona nini? Msimu wa tano ulikuwa umefungwa kwa bomu la nyuklia lililolipuliwa mwaka 1977, kwa matumaini kwamba mlipuko ungefuta kila kitu na ndege isingeanguka kamwe. Msimu wa sita unafunguka Jack, mmoja wa abiria wale, akiwa ndani ya ndege. Inatikisika, kisha inatulia. Haianguki. Katika sehemu ya kwanza kabisa, mwaka 2004, Jack ndiye aliyemtuliza abiria mwenzake, Rose. Sasa Rose ndiye anayemtuliza Jack. Kamera inatoka dirishani, inashuka hadi baharini, inazama, na chini kabisa tunaona kisiwa chote kimefunikwa na maji. Wakati huohuo, katika mkondo wa pili, manusura bado wapo kisiwani, bomu limelipuka na hakuna kilichofutika. Juliet anakufa mikononi mwa mpenzi wake, Sawyer. Baada ya kuzikwa, Miles, mwenye kipawa cha kuwasikia wafu, anasema Juliet alitaka kumweleza Sawyer kwamba jambo lile limefanikiwa.

Watazamaji wa usiku ule walifikia hitimisho moja kubwa: bomu limezaa ulimwengu wa pili. Katika ulimwengu mmoja ndege ilianguka, katika mwingine ilitua salama, na msimu mzima utahusu namna mikondo hiyo miwili itakavyokutana. Hata jina la sehemu hiyo, LA X, lililoandikwa kwa kuacha nafasi kabla ya herufi ya mwisho, wengi walilichukua kuwa dokezo la ulimwengu usiojulikana.

Tarehe 23 Mei 2010 tamthilia iliisha, na ulimwengu wa pili ukadhihirika kuwa mahali pa baada ya kifo, ambapo wahusika hukutana ili waondoke pamoja. Maneno ya Juliet yalihusu mashine ya kuuzia peremende hospitalini, ambako yeye na Sawyer wanakutana tena.

Hapo ndipo mtahini wetu anaposimama kwa ushindi. Unaona? Walikosea. Basi maoni yao ni kumbukumbu ya makosa.

Nalikataa hilo kwa nguvu zangu zote. Kwanza, walisoma kama matini ilivyotaka isomwe. Watunzi, Damon Lindelof na Carlton Cuse, ndio waliolipua bomu Mei 2009, wakaiokoa ndege Februari 2010, wakamweka Miles kaburini atamke kauli ile. Mtazamaji aliyeunganisha vitu hivyo vitatu alikuwa amefuata alama zote za njia. Ambaye hakuviunganisha ndiye aliyekuwa hatazami.

Pili, na hii ndiyo hoja ninayoishikilia zaidi, tafsiri ile ni sehemu ya kazi yenyewe. Mashine ya peremende ilipotoa kilichonasa ndani na Juliet akatamka maneno yale, machozi yaliyotoka Mei yalitokana na imani iliyobebwa kwa zaidi ya miezi mitatu. Mtu asiyewahi kuamini kwamba bomu lilifanikiwa anaona mwanamke na mashine tu. Ukimfuta mtazamaji wa Februari, umemfuta na wa Mei. Sasa ni kazi gani iliyobaki kuhakikiwa?

Tatu, mtazamaji aliyeiona kazi yote, ambaye mtahini anamwamini, ni shahidi aliyechafuliwa. Wakati majina ya watendaji yakipita mwishoni mwa sehemu ya mwisho, ABC iliweka picha tulivu za mabaki ya ndege ufukweni. Watu wengi sana waliondoka wakisadiki kwamba abiria wote walikufa siku ya ajali na kisiwa hakikuwahi kuwapo. Matini inasema kinyume, tena waziwazi: katika mazungumzo ya mwisho, baba yake Jack anamweleza kwamba yote yaliyotokea yalikuwa kweli, na kwamba wenzake walikufa kila mmoja kwa wakati wake, wengine kabla yake na wengine muda mrefu baadaye. Hata hivyo mpaka leo utakutana na mtu atakayekuapia kwamba tangu mwaka 2004 alijua wote ni maiti. Huyo ameona kila kitu, amekosea, na hajui kwamba kumbukumbu yake imeandikwa upya. Mwanafunzi wetu alitumwa akamtafute huyo.

Kosa hilo halikuipata Lost peke yake. Msimu wa nane na wa mwisho wa Game of Thrones ulifunguliwa tarehe 14 Aprili 2019, kwa msafara wa kifalme kuingia Winterfell uliorudia kwa makusudi msafara wa sehemu ya kwanza ya mwaka 2011, hadi mtoto apandaye juu ili auone. Mashabiki waliutambua mwangwi huo na wengi waliufurahia. Mwezi mmoja baadaye hasira zilikuwa zimepanda, na ombi la kutaka msimu huo utengenezwe upya lilisainiwa na zaidi ya watu milioni 1. Waulize leo kuhusu usiku wa kwanza: watakwambia walinusa uozo tangu mwanzo. Hawakunusa. Walishangilia, na tuna haki ya kujua walishangilia nini.

Tutajuaje? Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nafika kwenye chanzo ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kufanyia kazi, nacho ni Lostpedia, ensaiklopidia iliyoanzishwa na mashabiki Septemba 2005. Mwanazuoni Jason Mittell aliiandikia makala mwaka 2009, wala hakuiona kwa mbali, kwa kuwa yeye mwenyewe alishiriki kuihariri. Mambo mawili yananivuta kwenye Lostpedia. La kwanza ni nidhamu. Makala kuhusu mhusika au tukio ilibeba yaliyoonekana kwenye kioo, na dhana zikawekewa ukurasa wake pembeni. Watu wasiolipwa senti, wengi wasio wanazuoni, walikubaliana kutenganisha ushahidi na tafsiri, wakagombana miaka mingi juu ya mpaka upite wapi. Ningependa kuona ugomvi wa namna hiyo katika tasnifu zetu. La pili ni kwamba kila badiliko limehifadhiwa pamoja na tarehe na saa yake. Unaweza kurudi katika ukurasa kama ulivyokuwa kabla ya ndege kutua, ukausoma tena baada ya kutua, na kuona wazo likizaliwa, likipingwa, likifutwa, likirudishwa na mkono mwingine. Wanahistoria wa fasihi wangetoa kiasi gani kupata kitu kama hiki kwa wasomaji wa Sherlock Holmes mwaka 1893, Conan Doyle alipomuua? Wamebakiwa na simulizi za wasomaji waliovaa vitambaa vya msiba, na hata hizo wanazitilia shaka.

Nina chanzo kingine kidogo, cha nyumbani. Misimu ya awali mimi na ndugu zangu tuliitazama Dar es Salaam kwa diski za kunakili, sehemu nne au tano kwa usiku mmoja. Msimu wa sita tulilazimika kuusubiri wiki hadi wiki, na mdogo wangu wa kike akaanza kuandika daftari. Daftari hilo ninalo. Kuhusu sehemu ya kwanza ameandika habari ya doa la damu: Jack, chooni ndani ya ndege, anajitazama kwenye kioo na kukuta jeraha dogo shingoni asilolifahamu. Mdogo wangu aliandika kwamba jeraha hilo limetoka upande wa pili. Katika sehemu ya mwisho Jack anajeruhiwa shingoni kisiwani, mahali hapohapo. Basi asiambiwe hakujua anatazama nini. Alitazama vizuri kuliko watu wengi wanaoimaliza tamthilia nzima kwa wikiendi moja, ambao doa lile huwapita kwa sababu hawana siku saba za kulifikiria.

Wolfgang Iser aliliona jambo hili zamani: wasomaji wa karne ya 19, anatukumbusha, mara nyingi waliifurahia zaidi riwaya iliyotoka kwa vipande kuliko ileile ikiwa kitabu kizima, kwa kuwa mapengo kati ya vipande waliyajaza wenyewe. Taharuki hukaa ndani ya mapengo hayo.

Haki inanitaka nipime upande wa pili. Ni kweli kwamba walioandika usiku ule ni wachache kati ya milioni 12, na ni wale waliopenda sana, waliokuwa na intaneti na Kiingereza. Ni kweli pia kwamba ABC ilimwaga matangazo, na shangwe ya usiku wa kwanza kwa sehemu fulani ilinunuliwa. Nayakubali yote mawili kama sababu ya kutumia chanzo kwa uangalifu. Lakini matangazo huleta watu mbele ya kioo. Hayawaonyeshi doa la damu. Na uchache wa mashahidi ni sababu ya kuwatunza wachache tulio nao.

Utaratibu ninaoutetea umewahi kufanyika hapahapa Tanzania. Mchezo wa redio Twende na Wakati ulipoanza Radio Tanzania mwaka 1993, mtafiti Everett Rogers na wenzake hawakungoja uishe. Waliwahoji watu mwaka baada ya mwaka hadithi ikiendelea, wakilinganisha na Dodoma, ambako mchezo haukurushwa kwa miaka miwili ya mwanzo. Waliomsikiliza Mkwaju, dereva wa lori, waliulizwa kabla hawajajua hatima ya kila mtu, na utafiti huo unasomwa hadi leo kwa sababu hiyo.

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Napendekeza mambo matatu. Idara zetu zikubali maoni ya usiku wa kwanza kuwa data kamili, mradi yana tarehe na muktadha. Maktaba ya chuo ianze kuhifadhi miitikio ya watazamaji wa tamthilia za Kiswahili zinapoendelea, kabla hazijaisha. Na mtahini anayetaka kumrudisha mwanafunzi kwa watu waliokwisha kuona mwisho, kwanza athibitishe kwamba watu hao bado wanakumbuka walivyokuwa kabla ya kuuona. Asipoweza, tasnifu ipite.