Kuzungumzia Jengo Refu Katika Mtihani wa Kuzungumza Kiingereza: Mada kwa Walimu wa Madarasa ya Maandalizi, Mlandege, Iringa

Mtihani wa kuzungumza wa IELTS huchukua dakika 11 hadi 14, na katika muda huo mtahiniwa anaweza kutakiwa aeleze jengo refu la mjini kwake, analolipenda au asilolipenda. IELTS, iliyoanza 1989 na kuendeshwa kwa pamoja na British Council, IDP na Cambridge, inatambuliwa na vyuo vikuu vingi vya Uingereza, Australia na Kanada, na pia na baadhi ya mabaraza yanayosajili wauguzi na madaktari wa kigeni. Kijana wa Mlandege anayeifuata Dar es Salaam hupanda basi kwa karibu kilomita 500, akiwa amelipa ada ambayo mara nyingi ni mchango wa ukoo mzima. Kumwacha akutane na kadi ya jengo refu bila maandalizi si haki kwake wala kwa waliomchangia.

Mtihani una sehemu tatu. Ya kwanza, ya dakika nne hadi tano, ni maswali mepesi kuhusu kwao, kazi au masomo. Ya pili ndiyo ya kadi: mtahini humpa mtahiniwa kadi yenye mada, karatasi na penseli, humwachia dakika moja ajiandae, kisha humtaka aseme peke yake kwa dakika moja hadi mbili bila kukatizwa. Kadi ya jengo huuliza liko wapi, linaonekanaje, linatumika kwa shughuli gani, na kwa nini msemaji analipenda au halipendi. Sehemu ya tatu, ya dakika nne hadi tano tena, ni mjadala unaotoka kwenye jengo moja na kugusa majengo marefu kwa jumla. Alama hutolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Hakuna kigezo cha ujuzi wa usanifu majengo, na mtahini hahakiki kama jengo lililotajwa lina ghorofa tano au sita.

Ugumu wa kadi hii kwa Mtanzania una chanzo chake shuleni. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Kwa miaka mingi mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne umekuwa wa kuandika. Anaweza basi kufaulu vizuri kabisa pasipo kuwahi kusimama na kusema Kiingereza kwa dakika mbili mfululizo. Kinachomwangusha mbele ya mtahini mara nyingi ni kimya, na kimya hicho huanzia kwenye kuchagua jengo.

Watahiniwa wengi wa miji midogo hudhani kwao hakuna jengo refu, wakakimbilia Burj Khalifa. Jengo hilo la Dubai lina mita 828, lilifunguliwa Januari 2010, na habari hizo mbili humalizika kwa sekunde kumi. Baada ya hapo msemaji asiyewahi kufika Dubai hana ngazi alizopanda, hana mlango alioingia, wala hana sababu yake mwenyewe ya kulipenda. Zaidi ya hayo, kadi imesema mjini kwako. Ghorofa kubwa za Dar es Salaam, kama lile la Mamlaka ya Bandari au yale pacha yaliyojengwa na mfuko wa pensheni wa PSPF, yenye ghorofa zaidi ya 30 kila moja, zinamfaa aliyewahi kuishi huko au kupita chini yake. Asiyezijua atapata shida ile ile ya Burj Khalifa.

Urefu hupimwa kwa jirani. Mahali ambapo nyumba nyingi ni za chini zenye mapaa ya bati, jengo la ghorofa nne ni refu, na kulisema hivyo waziwazi ni mwanzo mzuri wa maelezo: “In my town, a building of four floors is considered tall.” Sentensi hiyo moja imeshaonyesha kauli ya kutendwa, imelitetea jengo lililochaguliwa, na imempa msemaji nafasi ya kueleza mji wenyewe. Iringa inasaidia sana hapa. Mji umekaa juu ya bonde la Mto Ruaha Mdogo, kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, hivyo jengo la wastani likisimama ukingoni huonekana kutoka mbali. Mtahiniwa anaweza kutaja maduka ya chini, ofisi za katikati, upepo wa baridi wa Juni kwenye ngazi za nje, na Jiwe la Gangilonga likionekana upande wa pili. Anaweza kulilinganisha na Boma la zamani, lililojengwa na Wajerumani yapata 1900 kama hospitali ya kijeshi, likatumika baadaye kwa ofisi za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho. Ulinganisho huo humtoa kwenye wakati uliopo na kumwingiza kwenye wakati uliopita, jambo ambalo kigezo cha sarufi kinalitafuta.

Kuna makosa machache ya lugha yanayojirudia karibu kwa kila mtahiniwa, na yanatibika. Kiswahili kina kivumishi -refu kwa barabara, mti, kisima na jengo. Kiingereza hakikubali hivyo: barabara ni “long”, kisima ni “deep”, jengo ni “tall”. Anayesema “a long building” anaeleweka kama anayesema juu ya bweni lililolala chini. “High” nayo hutumika zaidi kwa mlima, ukuta au kitu kilicho mbali na ardhi. Ghorofa nayo ina kazi mbili kwetu, jengo zima na tabaka moja la jengo, na Kiingereza kimezitenganisha. Kwa kuelezea jengo husemwa “a four-storey building”, bila kuongeza s kwenye “storey”; kwa kutaja tabaka husemwa “on the third floor”. Hesabu ya tabaka hutofautiana pia: Mwingereza huanza na “ground floor” na ya kwanza kwake iko juu yake, wakati Mmarekani huita ya chini kabisa “first floor”. Zote mbili zinakubalika mtihanini, alimradi msemaji asichanganye katika maelezo yale yale.

Upande wa matamshi, Kiswahili huishia kwenye irabu na mkazo wake hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Mtahiniwa huja na “buildingi”, “lifti” na “glasi”, na katika Nyanda za Juu Kusini wapo wanaochanganya l na r. Kuongeza irabu ndiko kunakostahili kushughulikiwa kwanza, kwa sababu hutokea katika kila sentensi. Mkazo wa “building” huanzia mwanzoni, na “skyscraper” vivyo hivyo.

Suala la kupenda au kutopenda linahitaji ujasiri kidogo. Vijana wengi wamelelewa wasiseme vibaya kitu cha watu mbele ya mgeni, kwa hiyo wote huchagua kupenda na wote huishia kusema jengo ni zuri. Kutopenda mara nyingi huzaa maneno mengi zaidi: jengo limezuia mwanga wa nyumba za jirani, halina ngazi ya dharura, mlemavu hawezi kufika juu, maegesho yamemeza njia ya waenda kwa miguu. Mtahini hatapunguza alama kwa maoni, na malalamiko yenye sababu huonyesha uwezo wa kuunganisha hoja.

Sehemu ya tatu ndiyo inayowatenganisha wa alama sita na wa alama saba. Maswali yake huhusu kwa nini miji hujenga kwenda juu, kama ni bora kuishi kwenye fleti au nyumba yenye uwanja, usalama wa majengo, na kama majengo ya kale yahifadhiwe. Mtahiniwa wa Afrika Mashariki ana mifano ya kutosha nyumbani. Kwa swali la kuishi juu, upo mfano wa Michenzani, Unguja, ambako baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Karume ilijenga maghorofa marefu ya makazi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na familia zilizozoea nyumba za udongo zikajikuta zikipanda ngazi na ndoo. Bara, sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo ndiyo iliyowezesha mtu kuwa na hati ya fleti moja ndani ya jengo la wengi. Kwa swali la kuhifadhi majengo ya kale, Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, iliyojengwa 1883 na kwa muda mrefu ikiwa ndefu kuliko zote Mji Mkongwe, iliporomoka kwa sehemu Desemba 2020 wakati ikikarabatiwa. Nairobi inatoa KICC, jengo la mita 105 lililofunguliwa 1973, ambalo wakazi wengi wanaliona kama alama ya jiji hata baada ya marefu zaidi kujengwa.

Usalama ndio mjadala mzito kuliko yote. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 jengo la biashara la Kariakoo liliporomoka, nalo likachukua maisha ya watu wengi. Anayezungumzia ajali hizo hulazimika kutumia muundo wa sharti lisilotimia, “if the rules had been followed”, ambao ni mgumu na hupewa uzito na mtahini. Ni vema mwalimu awafundishe muundo huo kwa mfano huu wenyewe, kwa utulivu na heshima kwa waliopoteza ndugu.

Kukariri hotuba nzima hakusaidii. Watahini wamefunzwa kutambua maneno ya kukariri, na swali dogo la nyongeza mwishoni mwa sehemu ya pili, kwa mfano kama marafiki nao hulipenda jengo hilo, huufichua ukariri wote. Kinachofaa kukaririwa ni njia: liko wapi, lina nini, lilianzaje, limebadilisha nini. Darasani Mlandege zoezi linaweza kufanyika hivi: wanafunzi watoke wawili wawili hadi mbele ya jengo halisi la jirani, waandike vidokezo kwa dakika moja, mmoja aseme na mwenzake amrekodi kwa simu, kisha wasikilize pamoja mahali sauti iliposita. Wiki inayofuata jengo ni lile lile ila swali limegeuzwa, aliyelipenda alilaumu. Baada ya hapo kadi hubadilishwa: jengo la kale, mahali pa kelele, mahali ambapo msemaji angependa kufanya kazi. Vidokezo vilivyokusanywa mbele ya ghorofa moja hutosha kuanzia kadi hizo zote tatu.