Gesi Isiyochomwa: Mfano wa Lithuania katika Kulinda Usalama wa Nishati



Nimetakiwa nieleze namna dola inavyoweza kuimarisha usalama wake wa nishati kwa kuitumia vyema ile iliyo nayo na kwa kupunguza kuitegemea gesi. Na kwa kuwa jambo hili, likisemwa kwa ujumla, hupotea upesi katika maazimio yasiyomfunga mtu yeyote, nimeonelea nichukue nchi moja tu, ndogo kwa eneo na yenye raia wasiofika milioni 3, ambayo mtihani huu uliikabili katika wiki za mwanzo kabisa za uhuru wake, nayo ni Lithuania, iliyoko kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki. Rai yangu ni hii: bandari mpya ya gesi humpa mnunuzi uwezo wa kumchagua muuzaji, ama uwezo wa kumkatalia muuzaji yeyote yule, awe jirani au wa mbali, haupatikani ila kwa kupunguza haja yenyewe.

Lithuania ilitangaza kurejesha uhuru wake tarehe 11 Machi 1990. Haikutimia miezi miwili ila Moscow, chini ya Mikhail Gorbachev, ikaiwekea vikwazo: tarehe 18 Aprili mafuta yalikatwa, na gesi ikapunguzwa kwa kiasi kikubwa mno. Serikali ya Waziri Mkuu Kazimira Prunskienė ilistahimili kwa zaidi ya miezi miwili, kisha Baraza Kuu likaridhia mwishoni mwa Juni kulisimamisha kwa muda tangazo lile ili mazungumzo yaanze. Tazameni basi jinsi bomba lilivyofanya kazi ambayo zamani ilihitaji jeshi. Na haikuwa mara ya mwisho: mwaka 2006, wakati kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mažeikiai kilipokuwa kikiuzwa kwa kampuni ya Poland, bomba la mafuta ghafi kutoka Urusi lilifungwa kwa hoja ya kuvuja, wala halikufunguliwa tena.

Hali ya gesi ilikuwa nzito zaidi. Kwa mujibu wa ahadi iliyotolewa ili nchi ikubaliwe kuingia katika Umoja wa Ulaya, kinu cha nyuklia cha Ignalina, chenye mitambo ya aina ile ile ya Chernobyl na ambacho ndicho kilichokuwa kikizalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi, kilizimwa kabisa tarehe 31 Disemba 2009. Na dola iliyokuwa ikiwauzia majirani umeme ikawa mnunuzi, na mzigo wa vituo vyake ukaiangukia gesi, ambayo yote ilitoka kwa muuzaji mmoja, Gazprom, na kwa njia moja inayopita Belarusi. Walithuania wakawa wanailipia bei iliyokuwa miongoni mwa bei za juu kabisa barani Ulaya, kubwa kuliko ya Wajerumani walioko mbali zaidi na visima. Sababu ni dhahiri: Mjerumani alikuwa na wauzaji wengine, na Mlithuania hakuwa naye hata mmoja.

Jawabu lililovuma duniani ni meli. Tarehe 27 Oktoba 2014 iliingia bandarini Klaipėda meli iitwayo Independence, iliyoundwa Korea ya Kusini na kukodiwa kwa kampuni ya Norwei, yenye matangi ya mita za ujazo 170,000, ambayo hupokea gesi iliyopozwa hadi kuwa kimiminika na kuirudisha katika hali ya gesi ili iingie katika mabomba ya nchi. Uwezo wake wa mwaka ni takriban mita za ujazo bilioni 4, nao ulizidi mahitaji ya nchi nzima. Hata kabla meli haijafika, Gazprom ilikwisha kupunguza bei yake kwa kiasi cha asilimia 20, na hili peke yake lingetosha kuwa hoja. Ila haifai kusahau kwamba gharama za meli ile zilitwikwa watumiaji wa gesi kwa nyongeza katika hati zao za malipo, na kwamba gesi iliyokuja kwa bahari nayo ilikuwa na bei yake, inayopanda kila Wajapani au Waingereza wanapoihitaji pia.

Kwa sababu hiyo naomba tuiache meli, iliyokwisha kusifiwa vya kutosha, tuingie mjini, katika nyumba za maboila na katika vyumba vya kulala.

Lithuania ni nchi ya baridi kali, na zaidi ya nusu ya wakazi wake hawawashi moto wa kupashia nyumba zao, bali huletewa maji ya moto kwa mabomba yapitayo chini ya barabara kutoka mitambo ya pamoja ya mji. Mitambo hiyo ilikuwa ikichoma gesi. Mjini Kaunas mambo yalifika hadi mwaka 2003 kituo kikuu cha joto kikanunuliwa na Gazprom yenyewe, kwa hivyo mwenye kuuza kuni akawa na jiko pia. Manispaa na wafanyabiashara wa nchi walianza kujenga maboila yanayochoma mabaki ya misitu: matawi, magome na mbao zisizofaa kwa seremala, zilizokatwakatwa na aghalabu zikiwa bado mbichi. Ubichi huo ungekuwa hasara lau si ufundi mmoja ambao naustahi sana: moshi wenye mvuke hupozwa kabla ya kutoka katika dohani, mvuke ukageuka maji, na joto lililokuwa likienda kupotea angani likarejeshwa katika mabomba ya mji. Ili bei isipangwe faraghani, sheria iliwataka wazalishaji wa joto wanunue kuni hizo kwa mnada wa wazi katika soko la Baltpool, lililoko Vilnius. Mwaka 2000 kuni zilikuwa kama asilimia 2 tu ya nishati iliyotumika kwa joto la miji. Kabla ya kumalizika mwaka 2020 zilikuwa zimekwisha kufika theluthi mbili.

Maboila hayo hayakukosa kasoro. Kuni nazo zina mipaka ya kuvuka, na sehemu yake ilikuwa ikinunuliwa Belarusi, hata vikwazo vya Umoja wa Ulaya vya mwaka 2022 vilipoizuia biashara ya mbao za huko, bei ikapanda na wakazi wa Vilnius wakalihisi hilo. Kubadili kiingiacho motoni, basi, ni nusu ya kazi.

Nusu ya pili iko katika kuta. Majengo ya ghorofa ya zama za Kisovieti, ambayo yapo kwa maelfu katika Vilnius, Kaunas na Klaipėda, yalijengwa kwa mabamba ya zege na matofali wakati gesi ilipokuwa rahisi hata haikuonekana sababu ya kuihesabu. Katika mengi ya majengo hayo maji ya moto huingia kwa bomba moja, yakapita redieta ya chumba hiki hadi ya chumba kile, ghorofa baada ya ghorofa, bila ya koki ambayo mkazi angeweza kuifunga. Kwa hiyo aliye karibu na mwanzo wa bomba huona joto hata akafungua dirisha katikati ya Januari, ilhali jirani yake wa mwisho hujifunika mablanketi, na wote wawili wakaletewa hati ya malipo iliyohesabiwa kwa ukubwa wa chumba, si kwa joto lililowafikia. Gesi iliyochimbwa Siberia, ikasafirishwa maelfu ya kilomita, ikanunuliwa kwa bei iliyowatia dhiki wastaafu na kwa masharti yaliyoitia unyonge serikali, ilitoka kwa dirisha lile kwenda kuipasha joto theluji ya uwanjani. Hakuna meli wala mkataba unaoweza kuponya jambo hilo.

Dawa yake inajulikana na haina ajabu: mtambo mdogo katika chumba cha chini ya jengo, unaopima baridi ya nje na kurekebisha joto la ndani, koki na mita katika kila redieta, madirisha ya vioo viwili au vitatu, na kuta na paa kufunikwa tabaka nene la sufi ya madini. Jengo lililotengenezwa kikamilifu hupunguza matumizi yake ya joto kwa nusu, na mara nyingi kuzidi. Upungufu huo hauhitaji kusainiwa upya na waziri yeyote, wala hauzuiliki baharini, na hubaki majira ya baridi baada ya mengine kwa muda wa miongo.

Mwenyekiti, tofauti baina ya kupunguza matumizi na kunyimwa ni lazima ihifadhiwe, kwa sababu takwimu huzichanganya. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Lithuania ilitangaza katika siku za mwanzo za Aprili kwamba haingizi tena gesi ya Kirusi, ikawa ya kwanza katika Umoja wa Ulaya kufanya hivyo. Na baadaye mwezi huo huo Poland na Bulgaria zikafungiwa. Bei katika soko la Ulaya, ambayo kwa miaka ilikuwa kiasi cha yuro 20 kwa megawati-saa, ilipita 300 mwezi Agosti. Umoja wa Ulaya uliwataka wanachama wapunguze matumizi ya gesi kwa asilimia 15, nao hadi Machi 2023 wakapunguza kama asilimia 18 kulinganisha na wastani wa miaka mitano. Fahari ilioneshwa, na kwa kiasi fulani ilistahiki. Lakini ndani ya hesabu hiyo mna kiwanda cha mbolea cha Achema kule Jonava, mtumiaji mkubwa kuliko wote wa gesi nchini Lithuania, kilichosimamisha uzalishaji Septemba 2022 kwa sababu bei ilikishinda; na mna pia wazee waliokaa na makoti ndani ya nyumba. Kiwanda kilichofungwa na mzee anayetetemeka siwezi kuwahesabu kuwa ni ufanisi. Ufanisi ni chumba kile kile chenye joto lile lile kwa gesi pungufu, na asiyeshika kipimo hiki ataisifu dhiki na kuiita hekima.

Nasi wa pwani hii ya Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu wa hatari ya kutegemea njia moja. Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, ulipoharibika waya wa baharini kutoka Bara. Na lililowaumiza watu zaidi ya giza lilikuwa maji, kwa kuwa pampu zilisimama. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Bara nako, tangu gesi ya Songo Songo ifike Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba la Mtwara kukamilika mwaka 2015, umeme ulizidi kuiegemea gesi, ingawa ni gesi yetu wenyewe; na umiliki wa kisima hauondoi udhaifu wa bomba. Pampu inayonyonya maji yale yale kwa umeme pungufu ingepasa ihesabiwe katika mipango ya usalama wa nishati pamoja na waya na bomba, na ihesabiwe kwanza, maana Walithuania walitangulia kujenga maboila kabla ya kufunika kuta, ndipo miji kadhaa ikajikuta na uwezo wa kuzalisha joto unaozidi haja.

Sasa kwa nini kuta zilichelewa? Fedha za Umoja wa Ulaya zilikuwapo, na mikopo nafuu ilianza mwaka 2009, lakini jengo moja lina wenye nyumba kadhaa, na hapana kazi inayoanza pasipo wingi wao kuridhia. Na mstaafu hakuwa tayari kutia sahihi deni la miaka ishirini kwa ukuta. Mambo yaligeuka tangu mwaka 2013, utaratibu ulipobadilishwa ili msimamizi aliyeteuliwa na manispaa ndiye akope na kusimamia mafundi kwa niaba ya wakazi, huku dola ikichukua sehemu ya gharama, na ikiwalipia marejesho wale wenye kipato kidogo. Teknolojia haikubadilika hata kidogo. Lililobadilika ni jina lililo juu ya hati ya deni. Kwa hiyo, kabla hatujaulizana kuhusu aina ya taa, ya pampu au ya jokofu, naomba mjadala wetu wa leo uanzie hapo: katika miji yetu, katika hospitali zetu na mamlaka zetu za maji, ni nani atakayekopa kwa ajili ya nishati isiyotumika, na marejesho yake yatalipwa kutoka fungu gani?